ELM327 kwenye gari linalozima njiani: kidude kidogo, kazi yake kubwa ni kurekodi

Gari linalozima ghafla barabarani kisha likawaka tena baada ya dakika kumi linakula pesa kuliko injini iliyokufa kabisa. Iliyokufa inakaa palepale mpaka ipimwe. Hili likifikishwa gereji, iwe Unga Limited hapa Arusha au Majengo kule Moshi, linanguruma vizuri, fundi haoni kosa, na hapo vipuri vinaanza kubadilishwa kwa kubahatisha: leo plagi, kesho koili, wiki ijayo pampu ya mafuta. ELM327, kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani na kusomwa kwa simu, kinauzwa kama kifaa cha kusoma taa ya injini. Kwa ugonjwa huu kusoma taa ni kazi yake ndogo. Thamani yake ni kwamba kinaweza kubaki kwenye soketi gari likitembea na kuandika kilichotokea sekunde chache kabla injini haijakata.

Tuanze na ununuzi, maana hapa wengi wanatupa hela. Vidude vya bei ya chini vinavyouzwa kwa jina hili karibu vyote ni nakala, na namba ya toleo iliyobandikwa juu haina uzito sana. Bado kuna tofauti: nakala zinazojitambulisha kuwa 1.5 mara nyingi hukubali amri nyingi, wakati nyingi za 2.1 zimepunguzwa uwezo, hasa wa kuongea na magari ya zamani, ambayo ndiyo yaliyojaa huku kwetu. Mwenye Android achukue cha Bluetooth ya kawaida; namba ya kuunganisha huwa 1234 au 0000. Mwenye iPhone asikinunue hicho, hakitamfaa. Atafute cha WiFi au cha Bluetooth ya nishati ndogo. Usilipe kabla hujakichomeka kwenye gari lako mwenyewe hapo nje ya duka. Pakua programu ya simu ya Torque au Car Scanner mapema, washa injini, na uone namba ya mizunguko ikipanda na kushuka ukikanyaga mafuta. Muuzaji akikujibu "hiki kinasoma gari zote", mwambie akionyeshe kwenye hili lako. Bei yake inakaribiana na ya kupimiwa gari kwa mashine mara moja au mbili, kwa hiyo hasara si kubwa, ila kidude kisichoongea na gari lako ni plastiki tu.

Sababu ya kusisitiza hivyo ni kwamba soketi ya pini 16 haimaanishi gari linaongea lugha ya OBD2, ile kanuni ya pamoja ambayo vidude hivi huitumia kuongea na magari. Marekani iliilazimisha 1996, Ulaya kwa magari ya petroli 2001, lakini Japani ilichelewa hadi 2008. IST, Vitz, Noah na RAV4 nyingi za Arusha na Moshi zilitengenezwa kwa soko la Japani kabla ya mwaka huo. Baadhi hufunguka zenyewe. Baadhi zinahitaji uandike amri za kuanzisha kwenye mipangilio ya Torque. ATIB 96 na ATIIA 13 ndizo zinazoamsha Toyota nyingi za zamani, kwa sababu zinashusha kasi ya mawasiliano hadi 9600 na kubadilisha anwani ya kuita. Nyingine hazitaongea hata ukifanyaje. Kwa Toyota za namna hiyo kuna njia ya waya: zima ufunguo, unganisha pini 4 na 13 za soketi, washa ufunguo bila kupiga stata, kisha hesabu taa ya injini inavyopepesa. Namba 12 au 13 inakupeleka kwenye ishara ya mzunguko wa injini. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka waya: safu ya juu ni 1 hadi 8, ya chini 9 hadi 16, na pini 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Kuna kundi moja ambalo halipaswi kukigusa kabisa, nalo ni kubwa mji wa watalii kama Arusha: Land Cruiser za injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita. Pampu yake ya nozeli ni ya kimakanika, hakuna kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya kuongea nayo. Hiyo ikizima njiani angalia filta ya dizeli, maji yaliyojikusanya chini yake, hewa inayoingia kwenye mipira au kwenye pampu ya mkono ya juu ya filta, na solenoidi ya kukata mafuta iliyoko kwenye pampu. Kipande cha mpira unaopitisha mwanga kikiwekwa kwa muda kati ya filta na pampu kitakuonyesha mapovu ya hewa kwa macho yako. Hakuna kidude cha simu kitakachokuzidi hapo.

Kwa gari linaloongea na kidude, kazi ya kwanza ni kusoma kila kitu na kutofuta chochote. Fundi wengi wakiona namba za hitilafu wanabonyeza kufuta papo hapo, na hilo ni kosa kubwa kwa ugonjwa wa kuzima na kuwaka. Pamoja na namba, kontroli boksi huhifadhi hali ya gari ilivyokuwa namba hiyo ilipoandikwa: mizunguko, kasi, joto la maji, mzigo wa injini. Ukifuta, hiyo inakwenda, na marekebisho ya mafuta (asilimia ya mafuta ambayo kontroli boksi huongeza au kupunguza) ambayo injini imejifunza kwa muda nayo yanakwenda. Piga picha ya skrini ya kila ukurasa. Fungua pia orodha ya namba zinazosubiri kuthibitishwa, zile ambazo bado hazijawasha taa. P0335 ni sensa ya krenki, P0340 ni ya kamshafti, P0171 ni mafuta kidogo kuliko hewa, P0087 ni presha ndogo ya mafuta, P0562 ni umeme mdogo. Namba inataja mtaa wa tatizo. Nyumba inabaki kutafutwa. P0335 inaweza kuwa sensa, soketi iliyoingia oili, au waya uliosuguliwa na bano.

Na mara nyingi utakuta hakuna namba hata moja. Usishangae. Sensa ya krenki ikikata kwa muda mfupi, kontroli boksi inaweza kuona injini iliyosimama tu, kama vile dereva amezima. Ndiyo maana kurekodi kunashinda kusoma.

Sasa kurekodi kwenyewe. Usichague vipimo ishirini. Gari la zamani linalotumia mstari wa K, yaani waya wa mawasiliano wa polepole, hutoa majibu machache kwa sekunde, na ukiomba vipimo vingi kila kimoja kinasubiri zamu, hivyo tukio la nusu sekunde linapita katikati bila kuonekana. Chagua vinne: mizunguko ya injini, kasi ya gari, marekebisho ya mafuta ya muda mfupi, na umeme. Kwa umeme chagua kile kipimo kinachotolewa na kidude chenyewe kutoka pini 16. Hicho hupatikana hata kontroli boksi isipojibu. Nakala nyingi hukosea kidogo kwenye volti, kwa hiyo kabla ya kuondoka linganisha na multimita kwenye betri na uandike tofauti. Washa kurekodi kwenye faili, mpe simu mtu wa kiti cha pembeni, na uendeshe njia inayoleta ugonjwa. Dereva asiangalie skrini. Injini ikikata usukani unakuwa mzito, na breki zina msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, hivyo kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, elekea pembeni, na usirudishe ufunguo nyuma kabisa, usukani utajifunga.

Njia zipo za kutosha. Kuzima kwenye mzigo na joto, toka njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA urudi Usa River hadi Tengeru, ni kupanda mfululizo. Walioko Moshi wana Himo kwenda Marangu au mlima wa Kibosho. Kuzima kwenye foleni unakutafuta hapa Mnara wa Saa jioni, huna haja ya kwenda mbali.

Baada ya gari kukata, fungua faili na usome mistari ya mwisho. Hapa kidude kinalipa bei yake, kwa hiyo tulia.

Mfano wa kwanza: mizunguko inasoma 2,100, kasi kilomita 62, umeme volti 13.9, mstari unaofuata mizunguko ni 0, kasi bado 61, umeme unashuka taratibu kuelekea 12.5. Injini nzito inayosukumwa na gari lenye kasi hiyo haiwezi kusimama kati ya mstari mmoja na mwingine. Kilichokufa ni ishara ya mzunguko, yaani sensa ya krenki au waya wake. Thibitisha papo hapo: piga stata ukiangalia mizunguko. Stata nzima huzungusha injini kati ya 150 na 250. Ukiona 0 na injini inazunguka kwa masikio yako, zima ufunguo, tafuta sensa (kwa injini ya 1NZ ya IST na Vitz iko mbele, karibu na puli ya krenki), ipoze kwa kitambaa kilicholowa maji, ujaribu tena. Ikiwaka na mizunguko ikarudi, umeshampata mwizi. Lakini kabla ya kununua, chomoa soketi yake uangalie oili na kutu, na uufuate waya kwa vidole mpaka unapoingia kwenye mkusanyiko. Sensa ya bei poa isiyojulikana imetoka wapi mara nyingi inarudisha ugonjwa uleule ndani ya miezi, kwa hiyo hapa afadhali original iliyotumika kuliko mpya ya kubahatisha.

Mfano wa pili unaanza mapema zaidi. Marekebisho ya mafuta yanapanda 8, 14, 22, na mizunguko inateremka kwa kusitasita, 2,300, 1,900, 1,400, kabla ya kukata. Injini inaomba mafuta na hayaji. Marekebisho ya ndani ya asilimia 10 juu au chini ni ya kawaida. Zaidi ya 20 ni kilio. Tahadhari moja: ukikanyaga mpaka mwisho, kontroli boksi huacha kurekebisha na namba hiyo inaganda. Kwenye mlima mkali tazama badala yake sensa ya oksijeni ya nyuma ya masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi), kama masega bado yapo. Ikikaa chini ya volti 0.2 huku umekanyaga mafuta mengi, injini ina njaa. Gari likiwa limezima hivyo, kabla ya chochote fungua kifuniko cha tenki. Likivuta hewa kwa mlio mrefu na gari likawaka mara moja, mfumo wa kupumua wa tenki umeziba na pampu haina kosa.

Hapa pia kuna mtego wa kusikiliza pampu. Toyota nyingi za umri huu hazizungushi pampu ukiwasha ufunguo tu. Zinasubiri stata au ishara ya injini kuzunguka. Kwa hiyo ufunguo ukiwa ON na kimya kimetawala, hujathibitisha kitu. Mtu apige stata, wewe weka sikio kwenye mdomo wa tenki.

Mfano wa tatu: kipimo cha umeme kinaendelea kuandikwa ila vipimo vingine vyote vinaacha kujibu kwa pamoja. Kidude kiko hai kwa umeme wa pini 16, kontroli boksi imekosa wake. Nenda kwenye rilei kuu ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme), swichi ya ufunguo, na waya wa ethi wa injini. Badilishana rilei na nyingine iliyomo kwenye boksi hilohilo, lakini iwe na namba ileile iliyochapwa juu, si ya kufanana kwa umbo. Swichi ya ufunguo ijaribu kwa kuchezesha ufunguo injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Ufunguo wenye furushi zito la funguo za nyumba na duka humaliza mguso wake wa ndani. Na kidude chenyewe kikizima taa na Bluetooth ikakatika, basi ni vichwa vya betri, fyuzi ya soketi, au waya mkuu wa ethi. Hili la mwisho mtu angeweza kulishika kwa mkono kwa kutikisa vichwa vya betri, na bado kuna magari yaliyobadilishiwa alteneta kwa sababu yake.

Aina ya nne haihitaji faili kubwa: gari linakata ukiachia mafuta kwenye tuta au ukisimama foleni, na barabara kuu halina neno. Mizunguko inaporomoka kutoka 1,500, inapita 700 bila kushika sailensi, inakufa. Safisha throtoli bodi kwa dawa yake na kitambaa laini, kagua mipira ya hewa iliyopasuka, angalia sensa ya hewa. Injini ya lita 1.5 iliyopata moto huvuta karibu gramu 2 kwa sekunde ikiwa sailensi. Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake tu, bila kupulizwa kwa kompresa.

Kwa magari yenye kipimo cha presha ya hewa kuna jambo la huku kwetu ambalo maelezo ya mtandaoni hayasemi. Ufunguo ON, injini imezimwa, sensa hiyo inapaswa kuonyesha presha ya mahali ulipo. Arusha, karibu mita 1,400 juu ya bahari, hiyo ni kPa 85 au 86. Moshi iko chini zaidi, utaona karibu 91. Wapo walioambiwa sensa imekufa kwa kuwa haisomi 101, na 101 ni ya Dar es Salaam au Tanga, usawa wa bahari. Ikisoma 101 hapa Arusha ndipo uanze kuishuku.

Mapungufu yake sasa, bila kuficha. Kidude hiki hakina mwendo wa kuonyesha umbo la ishara ya sensa. Mkatiko wa sekunde moja ya elfu hakiuoni. Noah na nyingine zenye D-4, injini ya 1AZ-FSE inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, zinahitaji mashine inayoongea Kitoyota kamili ili usome presha ya pampu ya juu. Kwa hizo lipia Techstream, Launch au Autel kwa fundi anayekubali kutoka nawe barabarani akiwa ameichomeka. Kama anataka kupima gari likiwa limesimama tu gereji, umelipia usomaji wa taa.

Pia hakipimi mafuta. Gari likionyesha mfano wa pili, hatua inayofuata ni geji ya presha, na hii fundi yeyote wa EFI anapaswa kuwa nayo. 1NZ inatakiwa ishike psi 44 hadi 50, na dakika tano baada ya kuzima isishuke chini ya 21. Funga geji kwa usalama, uiache mahali pa kuonekana ukiwa kwenye kiti, uende nayo mlimani, maana pampu iliyochoka hutoa presha nzuri ikiwa baridi na kuanguka ikipata moto. Presha ikianguka, pima umeme kwenye soketi ya pampu ikiwa inafanya kazi: usipungue zaidi ya nusu volti kulinganisha na betri, na upande wa ethi usizidi volti 0.2. Ukipungua, pampu mpya nayo itasumbua. Kwenye IST na Vitz filta ya mafuta iko ndani ya tenki pamoja na pampu, chini ya kiti cha nyuma. Anayekuuzia "filta ya nje" ya gari hilo hajalifungua. Na anayeendesha kila siku taa ya mafuta ikiwaka ajue pampu hupozwa na petroli inayoizunguka.

Kwa mwenye gari la petroli la 2008 kuendelea, au Toyota ya nyuma kidogo iliyokubali kuongea nacho pale dukani, kinunue, pamoja na multimita ya kawaida. Viwili hivyo vinatenganisha umeme, mafuta na hewa kabla hujanunua kipuri kimoja, na fundi akipokea faili yenye sekunde za mwisho anaanza kazi mahali sahihi. Mwenye 1HZ aweke hela hiyo kwenye filta. Mwenye D-4 akitumie kwa volti na namba za hitilafu tu.

Ukimaliza, kichomoe. Pini 16 haizimwi na ufunguo, na kidude kilichoachwa kwenye gari lililolala wiki kadhaa kitashusha betri mpaka stata igome.